Je, Wajua? Vim ina ndugu ng'ambo ya ziwa
Kijana wa Mwanza akifungua Vim, programu ya kuhariri maandishi, ajifunze kuandika programu, kabla hajagusa herufi anaombwa awasaidie watoto maskini wa Uganda. Si utapeli! Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeanza kuisambaza Vim mwaka 1991, alijitolea mwaka 1994 kama mhandisi wa maji katika kituo cha watoto cha Kibaale, Rakai, magharibi mwa Ziwa Victoria, ambako UKIMWI uliacha yatima wengi. Programu akaigawa bure, mwenye nacho achangie huko. Alifariki Agosti 2023. Habari yenyewe imo ndani ya Vim: andika :help uganda, kisha Enter. Ukianza kuitumia, kutembeza kishale kwa h, j, k na l kutakukera siku chache, kisha vidole vitazoea. Umenasa, hujui kutoka? Bonyeza Esc, halafu andika :q! na Enter, ila ulichoandika bila kuhifadhi kitapotea.