Usajili na Sheria (4): Kadi Nyekundu Husafiri, Hukumu ya Mahakama Hubaki

Mchezaji aliyetiwa hatiani mahakamani, akafungwa na kumaliza kifungo chake, hazuiwi kusajiliwa kwa sababu ya hukumu hiyo peke yake. Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji, ambazo misingi yake imeelezwa katika sehemu zilizotangulia, zinauliza mambo mengi: mkataba wa zamani umekwisha lini, mchezaji ana umri gani, alilelewa na klabu zipi tangu mwaka aliotimiza miaka 12, na nani anastahili fidia ya malezi. Hazimuulizi kama amewahi kulala rumande.

Zinachouliza, na kwa ukali, ni adhabu za uwanjani. Mchezaji aliyefungiwa na chama chake hadi mechi nne, au hadi miezi mitatu, akihama kabla ya kuimaliza adhabu, chama kipya kinawajibika kuhakikisha anaitumikia. Kwa hiyo beki aliyempiga mwenzake kiwiko mjini Mombasa atakaa nje ya mechi za mwanzo akija kusajiliwa Wete, Pemba. Aliyemvunja mtu taya nje ya uwanja, mji huohuo, na mahakama ikamfunga, akishatoka gerezani anaweza kuvaa jezi Jumamosi ya kwanza.

Nguvu ya adhabu ya uwanjani Zanzibar inaijua vizuri kuliko nchi nyingi, ingawa tukio lenyewe halizungumzwi inavyostahili. Mwaka 2016 Mafunzo, timu ya kikosi kinachosimamia vyuo vya mafunzo, yaani magereza ya Zanzibar, iliiwakilisha nchi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Katika raundi ya awali ilipangiwa AS Vita Club ya Kinshasa, ikatolewa, na habari ikaonekana imekwisha. Wazanzibari wamezoea kutolewa mapema, na magazeti hayakuwa na la ziada.

Kumbe Vita ilikuwa imemchezesha Idrissa Traoré dhidi ya Mafunzo, na Traoré alikuwa bado na adhabu ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) aliyoipata alipokuwa Mali katika klabu ya Stade Malien. Klabu ilibadilika, adhabu haikubadilika. Jambo hilo lilipothibitishwa Vita ilikwisha kusonga mbele, na timu ya mwisho ambayo Vita iliitoa kabla ya makundi ilikuwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. CAF ikaiondoa Vita mashindanoni na nafasi yake ikapewa Sundowns, ambayo wakati huo ilikuwa imeangukia Kombe la Shirikisho na kutolewa huko pia na Medeama ya Ghana. Timu iliyotolewa mara mbili katika msimu mmoja ikarudi, ikafika fainali, ikaifunga Zamalek ya Misri 3-1 kwa jumla ya mechi mbili na kutwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza.

Na Mafunzo? Kosa lilitendwa katika mechi yake, dhidi ya wachezaji wake. Haki ilipotoka ilimwendea aliyekuwa jirani na mlango. Kwa mpangilio wa mashindano hilo lina sababu zake, kwani raundi haziwezi kurudiwa zote. Lakini mtu wa Unguja au Pemba anayesikia Sundowns ikitajwa kuwa bingwa wa 2016 ana haki ya kukumbusha kwamba kombe lile lilipita uwanja wa Amaan kwanza. Kumsahau aliyedhulumiwa wakati wakubwa wanagawana matunda ya hukumu ni tabia ya soka isiyoishia kwenye ratiba, na ndiyo inayoleta utata katika suala la mchezaji aliyefungwa.

Suala hilo hujadiliwa barazani kwa namna moja karibu kila mahali. Upande mmoja husema keshaitumikia adhabu yake, mwacheni acheze. Upande wa pili huuliza klabu inamfundisha nini mtoto anayevaa jezi yenye jina lile. Uingereza mjadala huo ulifika kilele kwa Ched Evans, mshambuliaji wa Sheffield United, aliyehukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka mitano kwa kubaka. Alipotoka Oktoba 2014 klabu yake ilimruhusu kufanya mazoezi, kisha ikabatilisha uamuzi baada ya malalamiko makubwa ya mashabiki na wadhamini. Bingwa wa Olimpiki Jessica Ennis-Hill alitaka jina lake litolewe kwenye jukwaa la uwanja iwapo Evans angepewa mkataba. Oldham nayo ikajaribu kumsajili Januari 2015, ikarudi nyuma. Aprili 2016 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu, na kesi iliposikilizwa upya Oktoba mwaka huo Evans akaonekana hana hatia.

Brazil ilipitia njia nyingine. Bruno Fernandes, aliyekuwa golikipa wa Flamengo, alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka 22 na miezi mitatu kwa mauaji ya Eliza Samudio, mama wa mtoto wake. Aliachiwa Februari 2017 akisubiri rufaa, na mwezi uliofuata Boa Esporte, klabu ndogo ya Varginha, ikamsajili. Wadhamini wakakimbia mmoja baada ya mwingine. Kilichommaliza hata hivyo hakikuwa wadhamini wala mashabiki: mwezi Aprili Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru arudi gerezani. Tony Adams wa Arsenal, aliyehukumiwa kifungo cha miezi minne Desemba 1990 kwa kuendesha gari akiwa amelewa, alirudi uwanjani msimu uleule, ukaisha kwa ubingwa, na nahodha akabaki nahodha. Mashabiki hupima uzito wa kosa, lakini mkono wa mizani mara nyingi hushikwa na mabao.

Katika visiwa vya Pemba mizani hiyo hukutana na elimu ya chuoni. Imam Nawawi, katika Riyadhu Swalihina inayosomeshwa sana madrasani, anataja masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikihusu haki ya mja linaongezwa la nne, kumrejeshea mwenyewe haki yake au kumwomba radhi. Kwa kipimo hicho hoja ya “keshatumikia adhabu” ni nusu ya hoja. Kifungo ni deni la dola, na dola ikishalipwa imelipwa. Deni la aliyetendewa lina daftari lake, na mlinda mlango wa gereza halifungui.

Fundo inaonesha kwa nini jambo hilo haliwezi kukwepwa mahali padogo. Kisiwa kiko magharibi ya Wete, watu wake ni wavuvi na wakulima wa mwani, na anayetaka soko, hospitali kubwa au mechi ya ligi huvuka kwa mashua. Shabiki wa Sheffield anaweza kumpigia makofi mfungaji bila kukutana hata siku moja na aliyeumizwa naye. Fundo hakuna umbali huo. Siku ya mechi, kaka wa msichana aliyedhulumiwa na mchezaji yumo miongoni mwa wanaosimama kwenye mstari wa pembeni, mjomba wake pengine ndiye aliyetoa mashua ya kuipeleka timu Wete, na mama yake anayasikia makelele ya bao kutoka uani. Taarifa ya rekodi ya mchezaji haihitaji kuombwa polisi. Yuko nani asiyeijua?

Makosa yenyewe pia hayapimwi sawa. Aliyewahi kufungwa kwa magendo ya karafuu, katika kisiwa kinachotazama mkondo wa Pemba na bara ya ng'ambo, huchukuliwa na wengi kama aliyebanwa na njaa, jambo ambalo KMKM, kikosi cha kuzuia magendo na mabingwa wa ligi kwa misimu mingi, hakiwezi kulikubali. Udhalilishaji wa wanawake na watoto una uzito mwingine kabisa. Kwa ajili yake Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu mwaka 2021, na baraza linalosema “ni kijana wetu, tumsitiri” linaivunjia kazi mahakama hiyo kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.

Klabu za vikosi (KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, KVZ) hazina mjadala mrefu, kwa kuwa mchezaji anayeajiriwa kwa uaskari hupita kwenye masharti ya ajira, na matangazo ya nafasi hizo kwa kawaida hutaka mwombaji asiye na rekodi ya uhalifu. Hivyo Mafunzo, ambayo kazi ya kikosi chake ni kumrekebisha mhalifu, haiwezi kumwajiri aliyehitimu kurekebishwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina huruma zaidi: Ibara ya 67 humzuia kugombea ubunge aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu, na miaka hiyo ikipita mlango huwa wazi.

Klabu za kiraia, ambazo ndizo nyingi Pemba, zimeachiwa mkataba tu. Humo zinaweza kuweka kifungu kinachomtaka mchezaji aeleze hukumu zake na kesi zilizo mahakamani, na kingine kinachosema nini kitafuata akificha. Kifungu hicho kitofautishe tuhuma, hukumu, na hukumu iliyokatiwa rufaa. Beki wa Brazil Dani Alves alihukumiwa miaka minne na nusu mjini Barcelona Februari 2024, na Machi 2025 mahakama ya juu ya Catalonia ikaifuta hukumu hiyo. Klabu ya Pumas ya Mexico ilikuwa imevunja mkataba wake tangu Januari 2023, siku ileile alipowekwa mahabusu, kabla ya hukumu yoyote.