Je, Wajua? Nanasi Hulainisha Kitimoto

Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunja protini za nyama. Ndicho hicho kinachochangia ulimi kuwasha ukila nanasi jingi. Papai bichi nalo lina papaini, yenye kazi hiyohiyo. Nanasi la kopo halilainishi nyama, kwa kuwa joto la kiwandani huharibu kimeng'enya.

Kwa mlo wa haraka jioni, kata kitimoto vipande vidogo, changanya na nanasi lililopondwa, tangawizi na chumvi, uache kwa dakika 20 hadi 30. Usilaze usiku kucha; nyama itarojeka. Kisha kaanga hadi iive kabisa mpaka ndani, kwani nyama ya nguruwe isiyoiva huweza kuambukiza minyoo ya tegu.