Filamu ya "Kidnapped": kubadilisha mwaka si sawa na kubadilisha hukumu

Wasomi wenzangu, kila filamu ya historia ikitoka, mabishano ni yale yale: "Haikupita vile!" Ni kweli, lakini makosa yote hayana uzito mmoja. Tuchukue mfano.

"Kidnapped" ni riwaya ya Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Uskoti. Ilitoka 1886. Kijana David Balfour anauzwa na baba yake mdogo kwa kapiteni wa meli, juu ya urithi. Kule melini anakutana na Alan Breck Stewart, mwanajeshi anayetafutwa na serikali. David ni wa kutungwa. Alan aliishi kweli, na mauaji yanayowakimbiza wote wawili yalitokea kweli.

Historia yenyewe njo hii. Vita ya Culloden, 1746, iliwavunja watu wa milimani waliopigania wafalme wa ukoo wa Stuart. Serikali ikanyang'anya mashamba ya machifu walioasi. Msimamizi wa baadhi ya mashamba hayo, Colin Campbell wa Glenure, alikuwa anajitayarisha kufukuza wapangaji wa ukoo wa Stewart. Tarehe 14 Mei 1752 akapigwa risasi porini. Alan akatoroka. Wakamkamata James Stewart, ndugu wa Alan aliyemlea, wakamshitaki kuwa mshirika wa muuaji.

Sasa angalieni ile kesi. Mkuu wa majaji alikuwa Duke wa Argyll, ni kusema mkubwa wa ukoo wa Campbell wenyewe. Wazee wa baraza walikuwa 15, na 11 kati yao walikuwa ba-Campbell. James alinyongwa tarehe 8 Novemba 1752, na maiti yake ikaachwa ikining'inia kwa muda mrefu ili watu waogope. Nani alipiga ile risasi? Mpaka leo wanabishana.

Stevenson naye alibadilisha mambo: alirudisha mauaji nyuma mpaka 1751. Lakini katika "Catriona", riwaya inayoendeleza hadithi, David anataka kutoa ushahidi, wanamfungia kisiwani mpaka kesi inaisha, na James ananyongwa. Mwaka ulisogea, dhuluma ikabaki.

Filamu ya 1971, ya Delbert Mann, ambamo Michael Caine anacheza Alan, iliunganisha vitabu viwili. Culloden iko pale mwanzoni, kama vile mauaji yalifuata mara moja, wakati kati yake kuna miaka sita. Hiyo tunaweza kuisamehe, filamu haina nafasi ya miaka sita. Shida iko kwa mwisho: Alan anajitoa mwenyewe mikononi mwa serikali ili kumuokoa James. Ni mwisho mzuri wa kuangalia, wenye ushujaa. Lakini Alan wa kweli hakujitoa, na hakuna mtu aliyemuokoa James.

Njo tofauti yenyewe. Kufupisha muda ni kazi ya kawaida ya sinema. Kugeuza hukumu ni kuondolea mahakama aibu yake. Anayeijua filamu peke yake atafikiri ushujaa wa mtu mmoja ulitosha, wakati kosa lilikuwa ndani ya kesi yenyewe: mlalamikaji na mwamuzi walikuwa wa nyumba moja.

Basi, mkiangalia filamu ya historia, musihesabu tu tarehe na nguo. Muulize: nani alipoteza kwa kweli, na filamu imemuficha ao imemuonyesha?