Kuchagua Kamera ya Ulinzi, ya Ndani na ya Nje

Mjomba wangu ana duka Kashikishi, karibu na Nchelenge, na nyuma ya duka pana ua unaoteremka mpaka ufukoni mwa Ziwa Mweru. Kila mwaka, uvuvi unapofungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, wavuvi humwomba awawekee injini za mashua zao katika banda lililo mwisho wa ua. Mwaka mmoja akaona heri anunue kamera ya ulinzi. Alinunua ndogo ya bei nafuu, iliyotengenezwa kwa kuwekwa ndani ya nyumba, akaipigilia chini ya upenu ielekee banda.

Usiku mmoja wa mvua injini moja ikaibwa. Asubuhi tulikusanyika kutazama picha. Tulimwona mtu amevaa koti refu, lakini uso wake ulikuwa mweupe kama sahani, hauna jicho wala pua. Mlinzi wetu wa usiku alikuwa na koti kama lile. Watu wakasema, "Ndiye." Mzee akajibu neno moja tu: "Wanangu, koti si mtu." Hakusikilizwa, akaachishwa kazi. Baada ya majuma matatu mwizi mwenyewe alikamatwa akiuza injini ile katika kambi nyingine ya wavuvi, naye alikuwa mtu tusiyemjua kabisa. Mjomba alikwenda kumwomba mzee radhi. Alisamehewa, lakini mzee hakurudi kazini.

Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza habari za kamera hizi, nami naandika ili msomaji asije akamdhulumu mtu kwa sababu ya picha mbovu.

Jambo la kwanza ni kujiuliza: nataka kujua nini? Yako maswali mawili yasiyofanana. Moja ni "Je, yuko mtu?" na la pili ni "Mtu huyo ni nani?" Bibi mmoja muuguzi wa New York, Marie Van Brittan Brown, alilifahamu jambo hili mapema. Mwaka 1966 yeye na mumewe, Albert, waliomba hati ya uvumbuzi wa mtambo wa kulinda nyumba kwa kamera, wakaipata mwaka 1969. Mlango wao ulikuwa na matundu kadhaa, moja juu ya jingine, na kamera iliweza kupanda na kushuka nyuma yake ili imwone usoni mgeni mrefu, mfupi, hata mtoto. Yaani walifikiri kwanza uso wa mgeni utakuwa wapi, ndipo wakaipangia kamera mahali pake.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Picha ya kamera ni vinukta vingi vilivyopangwa safu safu. Kamera nyingi za siku hizi zina vinukta 1,920 toka kushoto hata kulia. Kanuni ya wataalamu yasema kwamba ili kumtambua mtu usiyemjua, vyatakiwa vinukta 250 kwa kila mita moja ya upana wa mahali panapotazamwa. Kujua tu kwamba yuko mtu, vinukta 25 vyatosha. Gawanya 1,920 kwa 250, utapata mita 7 na nusu hivi. Basi mahali pakiwa papana kuliko hapo, usiutegemee uso.

Lenzi ya milimita 2.8, iliyomo katika kamera nyingi za bei nafuu, huona upana mkubwa, karibu digrii 100. Kwa hiyo humtambulisha vyema mtu aliye umbali wa mita 3 tu. Lenzi ya milimita 6 huona upana wa nusu ya huo, lakini huutambulisha uso hata mita 8 hivi. Banda la mjomba lilikuwa mita 20 toka upenuni. Ukipiga hesabu utaona kwamba kamera yake ilipata vinukta 40 tu kwa mita. Iliweza kusema "yuko mtu"; haikuweza kusema ni nani, nasi tukailazimisha iseme.

Tuanze na kamera za ndani. Chumba au duka ni mahali padogo, kwa hiyo lenzi pana ya milimita 2.8 yafaa sana. Umbo linalopendwa dukani ni lile la kuba, mfano wa bakuli lililofunikwa darini. Haliwi kizuizi kwa mtu, si rahisi kulishika na kulipindua, na mwizi hajui latazama upande gani. Iweke pembeni, urefu wa mita 2 na nusu hivi, maana ikiwa juu mno itaona kofia tu. Kama yautazama mlango, chagua ile iwezayo kusawazisha mwanga na giza. Bila hivyo kila aingiaye kutoka juani huonekana kivuli cheusi.

Usiiweke kamera ya ndani nyuma ya kioo cha dirisha ili itazame nje usiku. Kamera hizi huona gizani kwa taa yake yenyewe, ambayo jicho letu haliioni au huiona nyekundu kidogo tu. Mwanga huo hupiga kioo na kurudi, na picha yote huwa nyeupe. Na wapulizaji wa dawa ya mbu wanapokuja, ifunike kwa mfuko kabla hawajaanza, kisha uifunue.

Kamera za nje zina kazi ngumu zaidi, nazo ni za namna tatu hasa. Ya kwanza ni ndefu kama kipande cha mwanzi, yenye kofia ya kukinga jua na mvua. Huonekana toka mbali, na pengine mwizi akiiona hugeuka akaenda zake. Ila mtu mrefu aweza kuishika na kuielekeza kwingine, basi itundike juu asipofika. Ya pili ni ya umbo la jicho, mpira uliokaa ndani ya kikombe. Taa yake imetengwa na lenzi wala haina kifuniko kama kuba, kwa hiyo umande na vumbi haviirudishii mwanga wake. Kwa ua mdogo, hiyo naisifu. Ya tatu huzunguka na kuvuta vitu vya mbali. Ni ya bei kubwa, na kumbuka kwamba ikitazama ziwani haitazami lango.

Kabla ya kununua ya nje, soma alama katika sanduku. Ukiona IP66, tarakimu ya kwanza yasema vumbi haliingii kabisa, na ya pili kwamba maji yarushwayo kwa nguvu hayaidhuru. IP67 yaweza hata kuzama mita moja kwa nusu saa. Kamera isiyo na alama hiyo ni ya ndani, hata muuzaji akiapa. Ile ya mjomba haikuwa nayo. Mvua zilipoanza, ukungu uliingia nyuma ya kioo. Tena ilikuwa karibu mno na ukuta mweupe wa chokaa, na buibui alikuwa ametandaza utando mbele yake. Mwanga wa taa yake ulirudishwa na vyote vitatu, na ndiyo sababu uso ulikuwa kama sahani. Kitambaa kikavu mara moja kwa juma chatosha kumfukuza buibui.

Sisi tunaokaa Nchelenge tuna neno letu jingine. Ziwa liko upande wetu wa magharibi, na jua hutua juu ya maji, kuelekea Kongo. Kamera iliyoelekezwa ziwani hupigwa na jua kila jioni, mara mbili, moja toka mbinguni na moja toka majini. Basi itundike upande wa ziwa, iyape maji mgongo, itazame nyumba na lango. Kama hapana budi kutazama mashua, ielekeze chini, anga isionekane. Na usiku taa za wavuvi wa dagaa, ambao huku huitwa chisense, zaweza kuiamsha bure kamera iliyowekwa kurekodi kila kinachojongea.

Tusisahau umeme. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia yote ilikatiwa umeme saa nyingi kila siku, na kamera nyingi zilikuwa mapambo tu ukutani. Kamera moja ya kawaida hula kama wati 5, yaani wati-saa 120 kwa siku. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 40 ina wati-saa 480. Usipoitumia kupita nusu, maana hiyo huiharibu, itakupa siku mbili. Paneli ndogo ya jua yaweza kuijaza tena. Picha nazo zahitaji mahali pa kukaa. Kamera iandikayo megabiti 2 kwa sekunde hujaza karibu gigabaiti 22 kwa siku, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa siku ya tatu, kisha hufuta za kwanza. Ukiibiwa, toa kadi siku ile ile.

Mwisho ni adabu. Kamera yako itazame mali yako, si ua wa jirani wala mahali watu wanapooga ziwani, na ndani isiwekwe chumba cha kulala. Zambia ilitunga Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi, Namba 3 ya mwaka 2021, na sura ya mtu ni taarifa yake. Bandika kibao kuwaarifu watu.

Mjomba sasa ana kamera mbili za nje. Moja yenye lenzi pana hutazama ua mzima na kusema kama yuko mtu. Ya pili, ya lenzi ya milimita 6, iko mita 5 toka mlango wa banda, nayo husema ni nani. Banda lina kufuli jipya pia, maana kamera haimshiki mwizi mkono. Ndugu zangu, siku mkiletewa picha na kuambiwa "Ndiye," ulizeni kwanza kama mnaona uso au mnaona koti.