Kuna Mchezo Wenye Dunia Nzima Inatafuta Mkenya: Vile Unaanza Kontesti za Redio

Jumamosi moja ya Oktoba, stima ilikuwa imepotea ploti nzima na mimi nilikuwa tu kwa keja, simu mkononi, sina form. Hapo nyuma nilikuwa nimewacha chuo juu fees ilinishinda, na kozi ya umeme ikabaki nusu. Katika ile kuzurura mtandaoni nikajipata kwa WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, huko Uholanzi. Hiyo ni redio yenye wameunganisha na intaneti, msee yeyote duniani anaskiza bure na simu yake.

Nikasongesha frikwensi kidogo. Wueh! Watu walikuwa wanapiga kelele kama makanga wa Muthurwa saa kumi na mbili jioni. Katikati ya hiyo kelele, sauti moja imetulia ikasema, "Five Zulu Four..." na herufi zingine. Kelele ikawa mara kumi. Wajerumani, Waitaliano, Warusi, wote wanamwitana huyo msee mmoja.

Nikagugo 5Z4. Ni Kenya.

Yaani kuna mahali duniani wasee wanapanga foleni kuongea na Mkenya, na hakuna anayeuliza visa, benki statementi, wala cheti cha chuo. Hiyo siku ndio nilijua kuna kitu inaitwa kontesti za redio. Wacha nikupange.

Kontesti ni nini?

Redio ya ridhaa, ama ham vile wenyewe huiita, ni mchezo wa watu wenye leseni ya kuongea hewani na mitambo yao wenyewe. Sio biashara na sio stesheni ya kucheza ngoma. Kila mmoja ana kolsaini, ile namba plate yake ya hewani. Ya Mkenya huanza na 5Z4, Tanzania ni 5H, Uganda 5X.

Kontesti ni pale hawa watu wote wanaingia hewani wikendi moja kushindana: nani ataongea na watu wengi zaidi, kutoka nchi nyingi zaidi, kabla saa ziishe. Ile kubwa kabisa inaitwa CQ World Wide, na imekuwa ikichezwa tangu 1948. Ya kuongea na sauti hufanyika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba. Ya Morse, zile za di-da-di-da, ni wikendi kamili ya mwisho ya Novemba. Inachukua saa 48. Kwa saa zetu inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi na kuisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu.

Na maongezi ni mafupi ajabu. Hakuna "habari ya nyumbani". Mnapeana kolsaini, ripoti ya signal, na namba ya zoni. Dunia imegawanywa zoni 40, na Kenya iko zoni 37. Kwa hivyo wewe unasema "five nine three seven", yeye anakupea yake, asante, anayefuata. Sekunde kumi na mmemalizana.

Mbona Mkenya anatafutwa hivyo?

Hapa ndio tamu iko, so shika hesabu.

Ukiongea na mtu wa bara lingine unapata pointi 3. Mtu wa nchi nyingine hapa Afrika ni pointi 1. Mkenya mwenzako ni 0. Lakini pointi peke yake haikupeleki mbali. Kuna maltiplaya: kila nchi mpya ni moja, na kila zoni mpya ni moja. Mwisho wa siku unazidisha pointi zote na maltiplaya zote.

Cheki mfano. Uko bendi ya mita 15. Umeongea na Ujerumani, Ufaransa, Italia, Japani na Uganda. Hizo ni pointi 3+3+3+3+1, jumla 13. Nchi ni 5. Zoni ni 4, juu Ujerumani na Ufaransa ziko zoni moja, 14. Maltiplaya ni 9. Sasa 13 mara 9 ni 117.

Ukipata Mjerumani mwingine, pointi zinakuwa 16, maltiplaya zinabaki 9. Una 144. Lakini badala ya huyo Mjerumani, ukipata Mbrazili? Pointi bado ni 16, lakini umeongeza nchi na zoni, maltiplaya ni 11. Una 176. Mtu mmoja, tofauti ya pointi 32. Na ukihamia bendi nyingine, maltiplaya zote zinahesabiwa upya.

Sasa jiweke kwa viatu vya msee wa Milan ama Osaka. Wajerumani wako mamia hewani. Wakenya wenye wanachapa kontesti ni wa kuhesabu na vidole. Akikupata wewe, amepata nchi mpya na huenda zoni mpya pia. Ndio maana wanapiga kelele. Wewe ndio Mbrazili wa hiyo hesabu.

Na sisi pia tunafaidika. Ulaya yote kwetu ni bara lingine, so kila Mzungu ni pointi 3. Hiyo siri wanaijua vizuri. Kuna timu za Ulaya hupanda ndege kila mwaka kwenda Moroko na Cape Verde kuchapa kontesti wakiwa Afrika. Wanalipa tiketi ndio wapate kitu wewe ulizaliwa nayo.

Anza na skio, bila doo

Usikimbilie kununua kitu. Kuskiza kwa hizo redio za mtandaoni ni bure, unahitaji tu data. Chagua wikendi ya kontesti, ingia bendi ya mita 20 mchana (kati ya 14.125 na 14.350 MHz), shika kalamu, na uandike kila kolsaini unasikia.

Mara ya kwanza utaandika labda tatu kwa saa nzima. Usijali. Jifunze ile alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, Delta mpaka uiote. Soma namba plate za matatu ukiwa kwa jam: KDJ ni Kilo Delta Juliett. Watu watakuangalia vibaya, lakini itaingia.

Hii hatua usiiruke, juu kontesti inashindwa na maskio kabla ishindwe na mtambo. Mimi nimewahi kukaa kando ya jamaa mwenye leseni, yeye anaongea, mimi naandika logi. Niliandika B mahali palikuwa na D, zaidi ya mara moja. Baada ya kontesti, kompyuta hulinganisha logi za watu wote. Ukikosea kolsaini, hiyo kontakti inafutwa na unakatwa pointi zingine juu. Jamaa hakunigombanisha, lakini sikulala poa.

Leseni: hapa hakuna shortcut

Kuskiza ni sawa, lakini kubonyeza kitufe na kuongea bila leseni ni kosa kisheria. Hapa Kenya leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, ile CA. Tafuta pia Amateur Radio Society of Kenya, ndio chama cha wenyewe. Uliza masharti ya sasa ya mtihani na ada moja kwa moja kutoka kwao, usiskize bei ya mtu wa mtaani.

Mtihani ni wa msingi wa umeme, antena, sheria na vile mawimbi husafiri. Kama uliwacha shule kama mimi, usiogope. Mtihani unauliza kama unajua, hauulizi ulisomea wapi. Mimi mwenyewe bado niko kwa vitabu, na ndio mara ya kwanza kwa miaka nimesoma kitu bila kulazimishwa.

Vyombo

Kwanza, zile redio ndogo za mkono za Baofeng zenye unaona zikiuzwa rahisi mtandaoni hazikusaidii kwa hizi kontesti. Zinafika mtaa wa pili, haziendi Japani. Na hizo pia zinataka leseni. Unataka redio ya HF, na hata ya mkono wa pili inaenda makumi ya maelfu. Ndio maana urafiki na wenye leseni ni muhimu. Wengi wana mtambo na hawana mtu wa kukaa nao saa 48.

Usidhani lazima uwe na nguvu nyingi. Kuna kategoria ya wati 5 peke yake, kuna ya mpaka wati 100, na kuna ya wakubwa wa mpaka 1,500. Kuna hata kategoria ya warukii, wenye leseni yao haijapita miaka mitatu. Unashindana na saizi yako.

Antena nayo unajitengenezea. Kwa bendi ya mita 10 unahitaji waya wa shaba wa kama mita 5, uukate katikati, kila upande mita 2 na nusu, uunganishe na kebo ya redio hapo kati. Inatosha juu ya paa la ploti. Ongea na landlodi kwanza, na usiiweke popote inaweza kuanguka kwa waya za stima. Hiyo inaua, hakuna utani.

Shida ya mtaa ni kelele. Chaja feki, balbu za LED na TV za majirani zinajaza redio mshindo wa shhhh. Dawa? Shags. Kwa guka ama kwa nyanya yako, penye kuna miti mirefu, betri na sola, ni paradiso ya kontesti. Ile sehemu ulikuwa unaona imebaki nyuma ndio wasee wa London wangelipia.

Siku yenyewe

Saa ya kwanza, winda. Zunguka kwa bendi, skiza mwenye anaita, mpe kolsaini yako mara moja na unyamaze. Ukishapata moyo, tafuta frikwensi haina mtu, uliza kama iko wazi, halafu uanze kuita mwenyewe. Watakuangukia. Usipaniki. Shika hata herufi mbili, ziseme, wengine watangoje.

Kutoka hapa kwetu, bendi za juu asubuhi huelekea Asia, mchana Ulaya, jioni Marekani. Usiku shuka mita 40. Kula na ulale pia, hakuna medali ya kuzimia. Ukimaliza, tuma logi ndani ya siku tano.

Na zawadi? Cheti, ama plaki ukishinda. Hakuna pesa, na mwenye anakuambia kuna pesa anataka yako. Rent haitalipwa na hii kitu. Lakini utajua kusoma signal, kuchoma solder na kupima antena, na hizo ni kazi watu hulipwa nazo.

Kutoka sasa mpaka Oktoba, weka simu kwa chaji na uskize. Ukisikia "Five Zulu Four" halafu dunia nzima ikilipuka, ujue hapo kuna nafasi. Wakenya bado ni wachache.