Timu ya NBA ikiboronga, iuze staa au inunue?

NBA hakuna kushuka daraja. Timu mbovu ndiyo hupata nafasi kubwa ya kuchagua kinda bora anayeingia ligi, kwa hiyo nafasi hizo nazo huuzwa kama wachezaji.

Brooklyn Nets walijichanganya hapo. Mwaka 2013 walitaka ubingwa chapchap, wakamchukua Kevin Garnett (37) na Paul Pierce (35) kutoka Boston Celtics. Bei yake? Nafasi zao za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, na ya 2017 Boston wakaruhusiwa kubadilishana nao. Wakongwe wakachoka, Nets wakaporomoka, na kila kipigo chao kikawa neema Boston: 2016 ikaleta Jaylen Brown, 2017 Jayson Tatum. Hao wawili wakabeba ubingwa 2024.

Oklahoma City Thunder wao waliuza. Mwaka 2019 walimtoa Paul George kwa Clippers, wakapata Shai Gilgeous-Alexander na nafasi kibao. Msimu wa 2021/22 walishinda mechi 24 tu kati ya 82, lakini nafasi moja ya Clippers ikawapa Jalen Williams, na 2025 wakawa mabingwa.

Bahati nayo ilikuwepo, tusidanganyane: George mwenyewe ndiye aliyeomba kuondoka, na Clippers walimhitaji haraka ili Kawhi Leonard asaini.