Paka Mzee Akikonda, Usiseme ni Uzee

Wenye maduka wa River Road, Nairobi, hufuga paka ili panya wasitoboe magunia. Mlinzi huyo akizeeka na kukonda, watu husema, “Ni uzee tu.” La, uzee peke yake si ugonjwa. Akila sana na huku akikonda, huenda ni kisukari au tezi ya shingo, maradhi yaliyoelezwa kwa paka huko Marekani mwaka 1979. Akinywa maji kupita kiasi, figo zishukiwe pia. Akikisogelea chakula kisha akakiacha, atazamwe meno.

Mizani ya sukari ipo dukani: paka wa kilo 4 akipungua gramu 400, amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Apelekwe Kabete, kwa madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.